Mafua Yaliyotaka Kumpeleka Elina Kyela

Jamani, mtoto wa Tusekile alikuwa anaondoka! Jumamosi ya wiki inayofuata, asubuhi, bibi yake angempandisha basi la Kosta pale stendi ya Tukuyu, washuke wote hadi Kyela, na huko Elina angebaki kwa shangazi yake mpaka akomae. Miaka mitano na nusu. Hata jino moja la utoto lilikuwa halijang'oka.

Sababu yenyewe? Mafua.

Siyo yale ya kuja na kuondoka. Elina alianza mafua mwezi wa kumi na moja mvua zilipokolea, na sasa ilikuwa Machi. Akifumbua macho tu asubuhi, chafya. Siyo moja wala mbili: saba, nane, kumi mfululizo, mpaka majirani wa mtaa wao wa Bagamoyo, hapohapo Tukuyu, wanasema kwa kicheko ng'ambo ya ukuta, "Saa kumi na mbili na nusu hiyo, Elina kaamka." Makamasi yanatiririka kama bomba bovu, macho mekundu, na pua anaisugua kwa kiganja kuelekea juu, juu, juu, hadi kakistari kamejichora puani.

Tusekile alikuwa fundi cherehani, mtu wa kurekebisha vitu, na alihangaika kweli. Dawa ya kikohozi chupa tatu. Antibayotiki alizouziwa dukani bila hata mtoto kutazamwa. Tangawizi na limau. Majani ya mkaratusi, mtoto kafunikwa khanga juu ya sufuria ya mvuke analia "mama natoka, mama natoka." Masweta mawili, soksi, kofia ya kuziba masikio, Elina akawa anatembea kama mfuko wa viazi.

Mama mkwe wake, Bibi Tusajigwe wa Masukulu, ndiye aliyetoa uamuzi. "Baridi ya huku imemkataa huyu," alisema. "Wapo watoto wa hivyo. Apelekwe Kyela kwenye joto."

Benson, mume wa Tusekile, anayeendesha lori la kubeba majani ya chai, alikuna kichwa. "Mama kasema. Sisi tumebakiza kujaribu nini?"

Tusekile akaitikia kwa kichwa. Kisha akakaa kwenye cherehani kumshonea binti yake gauni la safari, akaunga mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akaunga, akakosea tena palepale.

Jumatano hiyo ndipo nesi Leah alipokuja kujaribu gauni lake la kitenge. Leah alihamishiwa Tukuyu kutoka Musoma, huu ulikuwa mwaka wake wa pili, na bado alikuwa hajawasamehe waliompangia kituo chenye mvua namna hii.

"Da Tuse, hapa kiunoni umenibana. Unataka nisile?"

"Wewe ndiye umenenepa, dada. Ndizi zetu zimekukubali."

Leah alikuwa anacheka hivyo Elina alipotokea chumbani, akapiga chafya sita, akasugua pua kwa kiganja kwenda juu. Leah akaacha kucheka. Akachuchumaa, gauni likiwa na pini zake zote mgongoni.

"Njoo, mrembo. Pua inakuwasha?"

"Inawasha," alisema Elina. "Na macho. Na huku ndani ya koo, siwezi kujikuna."

"Ni mafua tu, dada," Tusekile aliwahi. "Tangu mwezi wa kumi na moja. Anahamia Kyela."

"Mafua ya miezi mitano? Homa anapata?"

"Hapana."

"Makamasi, mazito ya njano au maji?"

"Maji. Maji kabisa, muda wote."

"Chakula anakula? Anacheza?"

"Huyo? Jana kapanda juu ya meza ya watu kucheza muziki!"

"Na nyinyi humu ndani, amemwambukiza nani?"

Tusekile akaanza kuwahesabu watu wa nyumbani kwa vidole. Miezi mitano mtoto anapiga chafya kwenye sahani za watu, na hakuna aliyeambukizwa. Benson hakuumwa. Yeye hakuumwa.

"Mafua ya kawaida, dada yangu, wiki moja, sana sana siku kumi, yameisha," Leah alisema. "Yanaleta kahoma, mtoto ananyong'onyea, na nyumba nzima mnapokezana. Hii inanifanya niwaze aleji. Kuna kitu mwili wake haukitaki, na anakivuta kila siku. Hebu niambie, kuna mahali mmewahi kwenda akapona?"

"Hakuna." Tusekile alifikiri. "Labda Kisondela, Januari, tulipokwenda msibani. Siku tano. Hakupiga chafya hata moja. Na kule baridi, dada, na mvua, watoto wanakimbia peku kwenye matope! Mimi nikasema ni maombi."

"Maombi sawa. Lakini kama ni baridi, kule si ndiyo angekufa?"

Ikawa kama mtu kafungua dirisha. Tusekile alimtazama Leah, akamtazama mtoto.

"Nionyeshe anapolala," Leah alisema.

Chumba kilikuwa kisafi. Shuka zimefuliwa, blanketi limekunjwa, Tusekile hakuwa na aibu nacho hata kidogo. Lakini Leah akainua godoro, harufu ikawapiga wote wawili usoni.

Chini ya godoro kulikuwa na majani makavu ya migomba, kimo cha mkono wa mtu mzima hadi kiwiko. Ya juu yalikuwa bado ya kahawia, yanachakarika vizuri. Ya chini yalikuwa yamekuwa meusi, yameshikamana, na juu yake kuvu nyeupe imetanda kama unga. Leah alipogusa, vumbi likapanda. Elina, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza upya: chafya, chafya, chafya.

"Haya ni nini?"

"Ni ya bibi yake," Tusekile alisema kwa sauti ndogo. "Ili baridi ya saruji isipande. Kwao Masukulu wamelala hivi wote. Kila akisikia mtoto ana mafua analeta furushi jingine."

"Na la zamani mnatoa?"

"Tunaongezea juu."

Leah akamwangalia. Tusekile akamwangalia Leah. Wakaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, ila Tusekile machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Mtoto akipiga chafya, majani yanaongezwa. Majani yakiongezwa, chafya zinazidi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anayapanga kwa mikono yake, mapenzi yote, anayashindilia vizuri yasitokeze pembeni!

"Mimi ni nesi tu," Leah alisema akijifuta macho. "Kesho mlete hospitali daktari amsikilize kifua. Watoto wengine inashuka hadi kwenye mapafu wanabanwa, hilo siyo la kusubiri."

Kesho yake daktari alimsikiliza Elina mbele na nyuma. Kifua safi. Akakubali kuwa ni aleji, akaandika dawa, akaeleza: majani yote yatoke, godoro na blanketi vianikwe juani, madirisha yafunguliwe, moshi usiingie chumbani.

"Juani, daktari?" Tusekile aliuliza. "Hapa Tukuyu?"

Daktari akatazama mvua dirishani. "Basi jua likitokea, kimbia nalo."

Likatokea Jumapili mchana, kwa muda wa saa mbili hivi kwa jumla, na Tusekile alikimbia na blanketi kweli. Benson alibeba godoro kichwani mpaka uani, akayachoma majani mbali kule nyuma, na kwa mara ya kwanza akasema, "Tukiona mpaka Ijumaa kumetulia, nitaongea na mama."

Jumatatu chafya nne. Jumanne tatu. Alhamisi moja. Tusekile alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakaa kwenye kigoda nje ya chumba cha mtoto, vidole vimekunjwa tayari kuhesabu.

Ijumaa jioni Bibi Tusajigwe akaingia, kashuka kwenye bodaboda, na kilichofungwa nyuma ya pikipiki kilikuwa furushi la majani. Benson alikuwa bado njiani na lori lake.

"Mugonile, mama," Tusekile alimwamkia, akapiga magoti nusu, akampokea mkoba. Furushi hakulipokea.

"Mbona hulichukui? Alalie usiku wa mwisho, asafiri na joto."

Basi ikabidi aseme. Alisema yote, kuanzia makamasi ya maji hadi Kisondela hadi kuvu, bila kupumzika, kama anakimbia mteremko na hawezi kusimama. Bibi alisikiliza akiwa amelikumbatia furushi lake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namwumiza," bibi alisema.

"Hapana, mama! Wewe umetuletea joto. Sisi ndio hatukuwa tunatoa ya chini."

"Benson alilalia hayahaya. Mbona hakupiga chafya?"

"Nesi kasema miili haifanani, mama."

Bibi akaguna. Akaliweka furushi nje, kwenye banda la kuku. Kisha akasema, "Nitalala naye mimi. Nataka nisikie kwa masikio yangu. Akipiga chafya, asubuhi tunaondoka."

Asubuhi ikafika. Tusekile na Benson walikuwa wamesimama koridoni, wamebanana kama wezi. Mlango ukafunguliwa, bibi akatoka akijifunga kitenge, uso wake haueleweki.

"Mama?" Benson alinong'ona.

"Ameamka. Ameomba uji. Amesema mimi nakoroma." Bibi akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka viganja vyote viwili magotini. "Ndaga fijo," alisema, na hawakujua anamshukuru Mungu au nesi au wao. "Mpigie dada yako, Benson. Mwambie mtoto anakaa kwa mama yake. Na huyo nesi asiye wa huku, asante yake mmempelekea nini?"

Tusekile hakusubiri kuulizwa mara mbili. Mkungu wa ndizi ulikuwa jikoni; akautupia kichwani, akatoka mbio na kandambili mvuani, akapita majirani bila salamu, akagonga mlango wa Leah kwa mguu.

Leah akafungua, povu la dawa ya meno mdomoni, macho yamemtoka. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu!" Tusekile alipiga kelele, maji yanamchuruzika usoni, mkungu unayumba. "Anakaa, dada! Elina anakaa!"

Leah akatema povu uani, akaupokea mkungu kwa mikono miwili.