Tisa ya Mchana

Kinyozi aliingia bila hodi, futi mkononi, akaanza kupima ukuta. Fundi saa alikuwa ameinamia meza, lenzi jichoni, na kwa muda aliona miguu tu ya mgeni ikipita huku na huku.

"Karibu," alisema. "Unaupima ukuta, au unaushonea suti?"

Mtu yule alicheka kwa haya. "Samahani, kaka. Mama Mkunga aliniambia chumba kinauzwa. Hakuniambia kina mtu."

"Kina mtu, na mtu huyo ndiye mnunuzi. Fedha zinaingia leo."

Hakusema kwa ukali. Ijumaa ile moyo wake ulikuwa mweupe. Mama Mkunga, mwenye nyumba, alikuwa amempa nafasi ya kwanza: fedha zikifika kwenye akaunti yake leo kabla benki haijafunga hesabu, chumba ni cha fundi. Zisipofika, anapewa mwingine. Wa kuzituma alikuwa dada yake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo. Mjomba wao ndiye aliyewalea katika chumba hiki, fundi akifungua saa mbovu sakafuni, dada akifanya hesabu za shule chini ya meza hii hii. Dada alikuwa ameweka akiba kwa miaka "ili mjomba asifukuzwe," kama alivyopenda kusema, ingawa mjomba alikwisha kufa zamani.

Kinyozi alikuwa akizitazama saa za ukutani. "Mbona kila moja ina lake? Nichague ninayoipenda?"

"Ya pembeni ndiyo msema kweli. Hizo nyingine zinasubiri wenyewe waje."

Kinyozi akasita, kisha akaivua saa ya mkononi. "Na hii je? Ni ya baba. Amelazwa, kesho mchana wanamruhusu. Najua kitu cha kwanza atakachoulizia, na si mimi."

Fundi aliifungua. Kamani, utepe wa chuma unaoiendesha, ilikuwa imekatika. "Njoo kesho asubuhi, utaikuta inatembea. Sitaki malipo. Umeshakosa chumba, angalau usitoke mikono mitupu."

"Kweli, kaka?"

"Nimekuahidi."

Baada ya kinyozi kuondoka, fundi aliutazama tena ujumbe aliomwandikia dada yake juzi: *Benki mwisho saa 9.* Chini yake dada alikuwa amejibu: *Nimeelewa, kaka.* Alitaka kumpigia, akaona haya. Mtu anakutolea akiba yake yote, halafu wewe unamsukuma kama unamdai? Akarudi kwenye kazi yake.

Ilipofika saa nane na nusu, akaweka lenzi mezani. Alipiga simu, haikupatikana. Akafunga mlango, akaenda benki. Mama Mkunga alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha la karani, mkoba mapajani.

"Bado, mwanangu," alisema.

Wakakaa pamoja. Karani aliangalia mara moja, akaangalia tena, kila mara akitikisa kichwa. Mwishowe mlinzi akashusha nusu ya mlango wa chuma.

"Fundi saa, hata wewe unapitwa na saa?" karani alitania. Alipomwona uso, akajuta, akasogea karibu na kioo. "Ikifika saa tisa, benki zinafunga hesabu baina yao. Kila moja inajua imepokea nini na inadaiwa nini. Kinachotumwa baada ya hapo kinasubiri siku ya kazi inayofuata. Kesho na keshokutwa ni mapumziko. Kwa hiyo ni Jumatatu."

Mama Mkunga alikishika kiwiko cha fundi. "Kinyozi ana hundi mfukoni. Nisipompa jibu leo, anachukua chumba cha upande wa pili wa barabara. Nikimwacha aende, na Jumatatu zako zisipofika, wale wanaoniezekea paa nitawaambia nini?"

Fundi aliutazama mlango wa chuma ulioshushwa nusu. Mama huyu alikuwa amemsubiri hadi dakika ya mwisho.

"Mpe, mama," alisema.

Jua lilipokuwa linazama, dada akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kicheko. "Tayari, kaka. Nimetoka kazini sasa hivi, nimetoa simu kabatini, nimetuma. Na bado tuna saa mbili nzima."

"Mbili mpaka lini?"

"Mpaka tisa. Nimepiga hesabu vizuri. Sisi huku tuko nyuma yenu kwa saa mbili, kwa hiyo nikawahi. Tisa yenu ya usiku hata haija..."

Fundi aliitazama saa ya pembeni.

"Tisa ya mchana," dada alisema polepole. "Tisa ya kutoka shule."

"Ndiyo."

"Nimekumbuka nchi zinavyopishana, kaka. Nikasahau saa inavyosomwa kwetu. Huku tisa ya usiku ndiyo saa tatu yenu."

"Kosa ni langu. Nilikuandikia kama mtu wa nyumba ya jirani. Na asubuhi nilitaka kukupigia, nikaona haya."

"Haya? Na mimi?"

Fundi aliibana simu sikioni. Alisikia dada yake akilia mbali, mahali ambapo jua lilikuwa bado juu, na hakuweza hata kumpa kiti.

Asubuhi, alipokuwa akifunga vyombo vyake katika maboksi, aliikuta saa ya baba yake kinyozi juu ya meza. Alipekua visanduku vyote. Kamani ya kipimo kile ilikuwa moja tu chumbani, ndani ya saa ya mjomba, saa ya kwanza ambayo mjomba alimruhusu aifungue. Ilining'inia kwenye msumari, ikitembea. Angeweza kumwambia kinyozi asubiri hadi wiki ijayo. Nani angemlaumu?

Aliishusha msumarini, akaketi, akaifungua.

Kinyozi alipofika alisimama mlangoni, akitazama maboksi. "Kaka, mimi ningejua..."

"Ingia. Chumba ni chako." Fundi alimpa ufunguo, kisha akamfunga saa mkononi, akaona mshale mwembamba ukizunguka. Saa ya mjomba ilikuwa kimya mfukoni mwake.

"Ni saa tatu," alisema. Akafikiri kidogo, akaongeza, "ya asubuhi."