Salamu Tupu

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi mwaka 2025, saa nne kasoro robo asubuhi, Mfaume alibonyeza Ndiyo. Ilikuwa Ramadhani, koo limemkauka, lakini mkono haukutetemeka hata kidogo. Baadaye aliujutia utulivu wa ule mkono kuliko alivyoujutia ujinga wake.

Kompyuta ilikuwa imemwandikia mistari mitatu ya Kiingereza, na yeye darasa alilifikisha la nne tu. Humo aliambulia maneno mawili, la kukubali na la kukataa. Akakubali. Kioo kikafumba, kikafumbua, na mchoro wa mwisho wa marehemu mke wake ukatokea umejaa rangi moja, kama kiraka cha suruali.

Mchoro huo Zuwena aliuita Njia ya Kwihara, kwa kituo cha misafara ya kale nje ya mji. Ulikuwa wa vitundu vidogovidogo vinavyoizunguka kofia kama msafara, na kila baada ya vitundu kumi pana kituo, kijiua kidogo cha kupumzishia jicho. Kila Idi, kwa miaka thelathini na mmoja, Zuwena alimtolea mumewe kofia mpya yenye nakshi ambayo hakuna kichwa kingine Tabora nzima kingeivaa. Zamani alidarizi kwa mkono. Baadaye wakanunua mashine ya kompyuta, akajifunza programu inayoitwa Tarizi, na kazi wakagawana: mke achore, mume akate, ashone, apige pasi. Mwezi wa kumi na moja presha ikamchukua. Ya Idi hii aliimaliza kuichora, kuitoa kwenye mashine ndiko hakuwahi. Hiyo ndiyo kofia Mfaume aliyotaka kuivaa. Hakuomba kingine.

Mwezi wa pili aliunga mtandao, na Tarizi ikajibadilisha yenyewe kuwa toleo jipya, bila kumwuliza mwenye nyumba. Tangu hapo kila akiligusa faili la Zuwena, mistari mitatu ile inamtokea: Ndiyo au Hapana.

"Uliza kwenye ukumbi wa mama, ule wa mtandaoni," binti yake Hafsa alimwambia kwa simu kutoka Dar. "Wamo mafundi wa Tarizi nchi nzima. Mama alikuwa anashinda humo."

Jumatatu akajiunga. Akaandika kwa kidole kimoja: *Hodi wenyeji. Habari za humu?*

Akasubiri. Huwezi kuingia nyumba ya watu ukaanza kumwaga shida mlangoni. Unabisha, unakaribishwa, unaulizwa habari za utokako, ndipo unasema kilichokuleta. Babu wa babu yake alifika Unyanyembe, ndiyo Tabora hii, na mzigo wa mtu mwingine kichwani, hajui lugha wala njia ya kisima, na hakuna aliyemwuliza anataka nini kabla hajapewa maji. Mji mzima huu umejengwa na watu waliobisha hodi. Basi Mfaume akasubiri Jumatatu yote, simu iko juu ya meza ya kukatia. Jumanne baada ya adhuhuri ikalia: *Umetolewa. Kanuni ya tatu: salamu tupu haziruhusiwi. Msimamizi: Wenceslaus.*

Kesho yake akabonyeza Ndiyo, kama mtu anayeupiga teke mlango aliofungiwa.

Wenceslaus huyo Mfaume alikuwa anamjua. Miaka minne nyuma alishuka na treni kutoka Kaliua akiwa na mashine ya mtumba asiyojua hata uzi unapitia wapi. Zuwena alimfundisha mezani pale pale, akala ugali wao miezi miwili. Sasa ana duka karibu na stesheni, mashine nne, anadarizi beji za shule mpaka za Igunga. Na ukumbini ndiye mkubwa. Mfaume hakushangaa. Wakubwa aliwajua siku nyingi: wa soko waliomhamisha kibanda mara tatu, wa kamati ya msikiti walioibadili saa ya darsa bila kumwambia yeye anayefagia. Mpe mtu ufunguo, alikuwa akisema, kitu cha kwanza atakachofanya ni kufunga.

Alhamisi akatia flashi mfukoni, akaenda.

"Shikamoo, mzee Mfaume," Wenceslaus alisema akiinuka.

"Salamu tupu hizo, mwanangu. Nitakutoa."

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Ile namba ilikuwa yako?"

"Ya nani tena? Nimebisha hodi siku mbili."

"Si ungeuliza, mzee. Unaandika shida yako hapohapo, mtu anakujibu."

"Niulize sijakaribishwa? Wewe ulipokuja kwangu na lile kopo lako la Kaliua, uliniuliza habari za sindano ukiwa barabarani?"

Wenceslaus akavuta kiti, akamfutia vumbi. "Keti, baba. Humo tuko elfu sita. Mia wakiandika hodi, na mia wakaitikia karibu, fundi aliyekwama na kazi ya watu jibu lake ataliona wapi? Swali la uzi kukatika tuliulizwa mara arobaini kwa wiki moja. Wajuzi wakaanza kuondoka. Kuna mama Veneranda wa Mwanza, Tarizi anaijua kuliko walioitengeneza. Alituambia wazi, mimi sikai sokoni. Akienda yule, nani atajibu?"

"Kwa hiyo wageni mkawatupa uani."

"Tuliwapa chumba chao. Ukibisha kule kwa wajuzi unatolewa, ndiyo kanuni. Na kule kwa wageni nako salamu tunazifuta tu, hatumtoi mtu."

"Mimi nilijuaje lipi ni sebule na lipi ni choo?"

Wenceslaus akanyoosha mkono. Akaomba flashi, akaichomeka, akaangalia kioo kwa muda mrefu. Mfaume alimtazama usoni kama anavyotazamwa daktari.

"Ulibonyeza Ndiyo."

"Nilibonyeza."

"Ungebonyeza Hapana, ukalinakili faili kwanza, halafu ukalifungua lile la nakala. Sasa mchoro umeshaungana kuwa kitu kimoja. Matundu yote yameziba." Akajaribu hiki na kile, akaacha. "Hairudi, mzee. Na jibu lake lilikuwepo. Toleo jipya lilipotoka mwezi wa kumi, mtu aliuliza hilohilo, akajibiwa vizuri kabisa."

"Liko wapi?"

"Lilikuwa ukumbi wa zamani. Tuliufuta mwezi wa kwanza. Marudio yalizidi."

"Alijibu nani?"

Mashine moja ikaishiwa uzi, ikasimama na kupiga kengele yake. Wenceslaus hakwenda kuitazama.

"Mama," alisema. "Kwa sauti. Dakika mbili hivi."

Mfaume alikuwa na picha za Zuwena, kanga zake, na miwani yake yenye mkono mmoja. Sauti hakuwa nayo. Haikumpitia akilini kwamba iko mahali, dakika mbili nzima, inaeleza kwa upole jambo lilelile lililomshinda yeye.

"Mmefuta sauti ya mke wangu," alisema polepole, "ili mama wa Mwanza asikae sokoni."

"Mzee, usiniseme hivyo." Macho ya kijana yalikuwa yamebadilika. Akachukua simu, akapekua, akamwekea mbele. "Sikutaka kukuonyesha. Soma mwenyewe."

Mfaume akasoma kwa kidole, neno baada ya neno. Ulikuwa ujumbe wa Zuwena, wa mwezi wa kumi. *Mwanangu Wence, wajuzi wanawacheka wageni, na wageni wanawachosha wajuzi. Hata mimi nimechoka, nisiseme uongo. Watenge. Wageni wape chumba chao wasione haya, na mlangoni niweke mimi. Kila hodi nitaiitikia.*

Akarudia toka mwanzo. Miaka thelathini na mmoja, na neno hilo, nimechoka, hakuwahi kumwambia yeye.

"Wazo lilikuwa lake," Wenceslaus alisema. "Alikaa hapo mlangoni wiki tatu."

"Na alipokufa?"

"Tulitafuta mtu. Kila mjuzi ana kazi zake. Hata mimi, mzee, unaniona hapa." Akaonyesha mashine nne na lundo la beji. "Basi tukaweka kanuni."

"Mlangoni mkaweka kanuni."

Kijana akainamisha kichwa. Mfaume akachomoa flashi yake yenye kiraka. Mlangoni akageuka. "Chumba alichoomba mlimpa, hilo nakubali. Lakini yeye aliomba mambo mawili."

"Nikuweke kwa wageni, baba? Lolote ukikwama, uulize tu."

"Weka."

Jioni alikaa barazani kwake Kanyenye, tende mbili kwenye kisahani, akisubiri adhana ya magharibi. Akakifungua chumba cha wageni. Salamu zote zimeshafagiliwa. Yamebaki maswali, mamia, kila moja peke yake. Uzi unakatika, nifanyeje? Mashine inadarizi kinyume, nifanyeje? Jibu, hapa na pale, limeandikwa na mtu mwenye haraka: *Limeshajibiwa. Tafuta.*

Akashuka chini, mpaka alipokutana na andiko moja la Jumapili. Halikufagiliwa kwa kuwa lilikuwa na swali ndani yake, na kwa kanuni haikuwa salamu tupu. Siku tano, hakuna aliyeligusa. Mfaume akaweka kidole juu ya herufi K, ya karibu, akakiacha hapohapo. Baada ya karibu angesema nini? Mtu wa mlangoni lazima awe na la kusema. Adhana ikaanza, na tende zikabaki kwenye kisahani, na yeye bado anasoma:

*Hodi. Ni Pelagia, wa Igunga. Shida yangu nitaisema nikikaribishwa. Namwulizia yule mama wa Tabora, Zuwena, aliyekuwa anatujibu. Bado yumo humu?*