Pumzi za Wifi Anneth

Ilikuwa wiki ya maombi, na usharika mzima ulifunga mpaka saa tisa alasiri. Anneth naye akasema anafunga, saratani ya nyonga isimzuie.

"Dawa nayo si inapita kooni?" alimwambia Aikande, mjane wa marehemu kaka yake, aliyekuwa akimuuguza nyumbani pale Kimandolu. "Saa tisa utanipa zote kwa pamoja."

Aikande hakubishana na mkubwa. Ile dawa ya maji ya maumivu, mofini, walielekezwa kuipima kwa bomba la sindano kila baada ya saa nne. Saa tisa ilipofika alimimina mabomba matatu kwenye kikombe, akaona hakuna dozi iliyopotea. Anneth akanywa, akala uji, akalala.

Saa kumi na nusu Aikande alikwenda kumgeuza. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Alimwita, kimya. Akaweka kiganja puani. Pumzi moja ikatoka. Akasali Baba Yetu, akafika Amina, ndipo ikaja ya pili.

Jirani yao Dismasi aliwapakia kwenye pikapu lake la ndizi mpaka hospitali, idara ya dharura.

"Shikamoo mama," alisema daktari Naserian, huku akimfunua mgonjwa macho. Mboni zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. "Amekunywa nini? Kiasi gani?"

Aikande aliujua ukoo wa mumewe. Wangesema amemlaza wifi yake ili abaki na shamba la kahawa la ukoo. Angeweza kujibu, "Dozi yake ya kawaida tu." Akatazama kifua cha Anneth. Hakikuinuka.

"Mofini, dozi tatu kwa mkupuo. Nimempa mimi, kwa mkono huu."

Daktari hakumkemea. Muuguzi alimpulizia mgonjwa hewa kwa mfuko wa mpira, naye daktari akavuta dawa ya kuzima mofini kutoka kwenye kichupa, akaichoma kwenye mshipa, kidogo kidogo. Aikande aliona wekundu ukirudi midomoni. Anneth alivuta pumzi kwa kishindo, kama mtoto anayezaliwa, kisha akapiga kelele:

"Nyonga yangu! Nani kanirudishia nyonga yangu?"

Aikande alipiga magoti sakafuni. Kichupa chenyewe hakikuzidi kidole chake cha mwisho, na Mungu alikuwa amepita humo.

"Dawa hii huisha nguvu kabla ya mofini," daktari alisema. "Anaweza kuzama tena. Tutamwangalia, na wewe mama hesabu pumzi zake. Zikipungua, niite haraka."

"Huyu ahesabu?" Anneth aliguna. "Wifi yangu huyu akifika tatu anamimina zote!"

Aikande alicheka, machozi yakimtiririka. Akaweka kiganja juu ya kifua kile chembamba. Moja. Akangoja, yeye mwenyewe hapumui. Ya pili ikaja. Akastaajabu. Ikaja ya tatu, akastaajabu vilevile.