Kimya cha Mama Rosina

"Kata!" Saida alipaza sauti, na Mama Rosina akashusha mikono kutoka kichwani.

"Nimekosea wapi tena, mwanangu?"

Saida hakujua aanzie wapi. Alikuwa ameshuka kutoka Mbinga mjini hadi Liuli kurekodi filamu fupi ya chuo, na mwanakwaya huyu muuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ndiye pekee aliyekubali kuigiza. Tukio lenyewe dogo tu: mama anapigiwa simu kwamba binti yake ameolewa huko mbali bila kuaga nyumbani. Lakini kila simu ikilia, Mama Rosina alipiga ukunga wa msibani. Akiambiwa apunguze, anakauka kama gogo.

"Huzunika, Mama, ila kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nazari, mwanafunzi mwenzake aliyeshika kamera, akageukia pembeni asicheke.

Ndipo Saida akakumbuka somo la mwalimu wao: usimwambie mwigizaji ahisi nini, mpe cha kufanya. Akamwekea beseni la usipa achambue.

Simu ikalia. Mama Rosina akapokea kwa mkono mmoja, wa pili ukaendelea na usipa. Akasikiliza. Vidole vikapunguza mwendo. Akaiweka simu chini, akaokota usipa mmoja, akaupangusa mchanga, akaupangusa tena. Kimya. Kimya kikazidi, na Saida akaona basi, amesahau neno lake.

"Kata! Mama, unasema, 'Ameolewa na nani?'"

"Si nalijua! Lilikuwa linakataa kutoka."

Wakarudia. Sasa alikuwa anakiigiza kile kimya, mpaka ukamwona anahesabu sekunde. Wakarudia tena, nzi wakajaa kwenye beseni. Mama Rosina akajifunga kanga upya.

"Naenda kupika. Wewe binti, ukikipata unachotaka, unakifukuza."

Saida akatazama kwenye kamera picha ya kile kimya cha kwanza. Midomo ya mama ilikuwa ndiyo inafunguka, ikaingia sauti yake mwenyewe: kata! Alitamani ajizabe kofi.

Akamfuata jikoni. "Nisamehe, Mama. Kesho tujaribu?"

"Baada ya ibada. Na unyamaze."

Kesho yake Saida aliuma ncha ya mtandio. Simu, usipa, kimya kirefu cha kutesa.

"Ameolewa," Mama Rosina akasema mwishowe. "Nani alimsuka?"

Swali hilo kwenye skripti halikuwemo. Saida akaacha kamera iendelee. Picha hiyo ndiyo aliyoipeleka chuoni, na ikapokewa vizuri. Lakini ile aliyoikata siku ya kwanza ilikuwa bora zaidi. Yeye na Nazari walijua, na mpaka leo hawaizungumzii.