Vidonge Kwenye Upindo wa Pazia

Siku niliyofua pazia la chumba cha binti yangu, maji yaligeuka manjano, na pazia lenyewe jeupe. Nikapapasa upindo. Ulikuwa na vinundu. Nikachukua wembe, nikafumua: vidonge thelathini na saba, vingine vimelika kidogo, kila kimoja kimeshonewa kijumba chake kwa mshono mzuri ajabu.

Niliketi palepale kwenye maji. Tangu baba yake afariki, miaka sita sasa, kila asubuhi nikimaliza kusali namwambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Anafungua, anainua, namshukuru Mungu. Kumbe zaidi ya mwezi kidonge kilikuwa kinalala shavuni.

Ugonjwa wake daktari anauita skizofrenia. Mimi naujua kwa yule mwanamume asiyeonekana, anayemwambia kazi yake mbovu, afumue. Binti yangu hushona vifungo kwenye karakana ya mashati. Wiki ile alikuwa amefumua vifungo vya mashati arobaini yaliyokwisha kupigwa pasi, na fundi mkuu akamwambia, "Ukirudia, dada, usirudi." Akikosa kazi hukaa kitandani, na akikaa kitandani huishia wodini. Mara ya mwisho alilala huko miezi minne.

Nilifikiria kunyamaza. Mwili ulikuwa umechoka hata kusema. Lakini kesho yake ilikuwa siku yetu ya kliniki, nikalitia pazia kwenye mfuko wa plastiki likiwa bado bichi, pamoja na vidonge vyake, tukaenda.

Kliniki kuna daktari wa dawa, na chumba cha pili kuna mshauri, dada mdogo tu, ambaye kazi yake ni kuzungumza. Nilikuwa namwona anatupotezea muda. Kama maneno yangeponya, jirani yangu angekuwa hospitali nzima.

Nililiweka pazia mezani kwake, na vidonge pembeni, likaanza kudondoka maji.

"Mama!" binti yangu akasema. "Huna siri wewe."

Mshauri hakumgombeza. Aliuliza tu, "Ukikimeza, inakuwaje?"

"Mkono unatetemeka. Natunga uzi mara kumi. Vifungo vinakaa upande, fundi mkuu ananicheka."

"Na usipokimeza?"

"Mkono unatulia. Ila yule anarudi. Anasema fumua."

Niliinamisha kichwa. Miaka sita nimeuchungulia mdomo ule, sikuwahi kuuliza swali hilo.

Mshauri akaenda kumwita daktari. Daktari akamwambia anyooshe mikono, akaitazama, akamuuliza inavyotetemeka akimeza. Akasema atambadilishia dawa, aanze na kidogo, ameze jioni akitoka kazini, na kila wiki aje aangaliwe. "Lakini na mazungumzo usiache," akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Chawa mwenyewe yuko ndani ya kichwa, daktari," binti yangu akajibu, nasi wote tukacheka, hata mimi.

Kisha mshauri akamfundisha, wakarudia na kurudia. "Yule akisema fumua, wewe unamwambiaje?" "Namwambia nimesikia, ngoja nimalize, fundi mkuu ndiye atakayekagua."

Akanigeukia. "Na wewe, mama, acha kumkagua mdomo. Atakuambia mwenyewe."

"Mwezi mzima ameniambia amemeza, mwanangu."

"Najua, mama. Akiona mkono umeanza tena, aje aseme hapa, asishone pazia. Tujaribu."

Kujaribu. Neno hilo nimelisikia mpaka limechakaa.

Wiki ya pili, jioni, binti yangu alirudi na shati moja la kumalizia. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nashona ule upindo niliouchana. Nikamsikia akisema taratibu, "Nimekusikia. Ngoja nimalize hiki." Uzi ukakatwa kwa meno.

"Mama, nameza."

Shingo ilitaka kugeuka. Nikaizuia, nikamwomba Mungu anisaidie kuizuia. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Nimemeza."

"Haya, mama'ngu."

Akaja akasimama nyuma yangu. "Hebu lete hilo pazia. Unalishona kama gunia."

Akaninyang'anya. Uzi ulikuwa umenichomoka, akautunga upya. Ulikosa tundu mara mbili, ya tatu ukapita. Nilihesabu, lakini sikusema kitu.