Nakala ya Yakoub

Mwatum alikuwa na mwaka wa kumi na saba akiuza dawa Raskazone, na siri za nusu ya mtaa zililala katika kabati lake la mafaili. Hakuna aliyewahi kumsikia akiitoa hata moja. Siku dada yake mkubwa, Mama Nasima, alipoingia dukani akisema kwa sauti ya chini, Mwatum alijua pana jambo.

"Barua ya posa imefika. Yakoub, yule mwalimu wa Tongoni. Dawa zake hununua hapa. Nitolee nakala ya vyeti vyake vya daktari, nijue namwoza mwanangu kwa mzima au kwa mgonjwa."

"Dada, hilo siwezi. Cheti cha mtu ni chake."

"Hata kwa Nasima, uliyemlea mgongoni?"

"Hata kwa Nasima."

Uchungu ni kwamba faili la Yakoub lilikuwa na karatasi moja tu, ya dawa ya matone ya macho. Kusema "hana kitu" kungemaliza kazi, na ulimi ulimwasha kweli. Lakini akimsafisha huyu leo, kesho ataulizwa juu ya mwenye ugonjwa, na kunyamaza kwake ndiko kutakakomwumbua maskini yule. Akafunga kabati, akafunga na mdomo.

Ijumaa barua ikarudishwa Tongoni. Mwatum akaenda mbio kwa dada yake.

"Sikukwambia anaumwa!"

"Wala hukuniambia haumwi. Pafukapo moshi pana moto, mdogo wangu."

Haukupita mwezi, Nasima akaozwa mtu wa Pongwe. Mwatum aliipika pilau ya harusi ile huku moyo unamwuma, maana alitenda haki na haki ile imemvunja mtu.

Wiki iliyofuata Yakoub akaja dukani. Maneno ya mjini yalikuwa yamekwisha kumfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nakala ya vyeti vyangu."

Hiyo ilikuwa haki yake. Mwatum akaitoa, akaigonga muhuri. Yakoub akaisoma, akaigeuza nyuma, nyuma hapana kitu.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu. Wapelekee waione, ulisafishe jina lako, mwanangu!"

"Ameshaolewa, mama." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Nilitaka tu kujua nimekataliwa kwa ugonjwa gani."