Siku Babu Aliporekebisha Sinema

"Uongo," babu alisema. "Risasi haikutoka huko. Ilitoka upande huu."

Kamera ikazimwa. Kijana aliyekuwa anakufa kwenye mchanga akafungua jicho moja, shati limelowa damu ya bandia, nzi wakimzunguka mdomoni. Gakenia, msichana aliyekuwa dairekta wetu, akapandisha miwani yake ya jua kichwani, akaangalia kule babu alikoonyesha kwa kidole, halafu akaniangalia mimi. Kazi yangu pale kijijini Nuu, kwa siku nne, ilikuwa kukaa na daftari kando ya babu na kuandika kila kitu alichosema si kweli.

"Guka," Gakenia akasema, maana kwao Nyeri ndivyo babu anavyoitwa, "huko si ni kwa askari wenzake?"

Kidole cha babu kilikuwa bado juu. Nilimjua babu yangu vizuri, na nilimwona usoni kwamba maneno yalikuwa yamemponyoka.

Nyuma yetu kulikuwa na turubai, na chini ya turubai wameketi akina mama wa kijiji waliokodiwa kupita mbele ya kamera na punda na mitungi. Mmoja wao akasimama.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, la sivyo utachanganyikiwa, na waliochanganyikiwa kwa kisa hiki tumetosha.

Nimekulia Mbooni kwa babu Ndolo, kwenye nyumba iliyo juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo watu wa bodaboda hukuambia ushuke umalizie kwa miguu. Baba yangu alikuwa na kazi mjini Wote na alikuja wikendi. Jumapili tukitoka kanisani babu alivua tai, akapangusa vumbi kwenye runinga ya sola, tukaweka sinema ya vita. Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, mke wa babu, alilalamika kila wiki bila kukosa. "Mmetoka kusikia Neno la Mungu, sasa mnaenda kuangalia watu wakiuana." Kisha alivuta kiti akakaa karibu kutushinda.

Tuliziangalia zote: za theluji, za visiwani, za msituni, hata zile za watu wa mapanga na farasi. Babu alizisahihisha kama mwalimu mkali. "Hiyo bunduki imelia mara arobaini, nani ameijaza risasi?" "Ona buti. Wiki mbili porini na inang'aa hivyo, kwani wanatembea na fundi viatu?" "Mbona hawa wote wanakimbia wima? Wanawahi soko?" Mwishoni alitoa alama, nami nikaziandika. Nyingi zilipata ishirini kwa mia. Moja tu ilipita sabini, ya zamani sana, isiyo na rangi, ambamo wanaume wamekaa handakini kwenye mvua saa moja na nusu wakingoja na hakuna kinachotokea. "Hiyo sasa ndiyo vita," babu alisema. Mimi nilisinzia katikati.

Alikuwa na haki ya kusahihisha. Miaka ya sitini alikuwa askari kule kaskazini, kwenye vita ambavyo shuleni tulivisoma nusu ukurasa. Lakini ukimuuliza habari ya vita vyake mwenyewe alisema, "Kulikuwa na joto," akanyamaza. Jambo moja tu tulilijua. Rafiki yake Kitonga, kijana wa Nuu, aliuawa huko na adui, na babu alipopata mtoto wa kwanza akampa jina Kitonga. Sasa, kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume. Musyimi, baba yake babu, alikuwa hai, mzima wa afya, akingojea jina lake. Alikaa miaka miwili bila kukanyaga nyumba ya mwanawe. Babu hakubadilisha.

Huyo mtoto ndiye baba yangu. Na kwa vile alibeba jina la marehemu, mjane wa marehemu, Kavindu, alimchukua akawa wake. Alimwita "mume wangu" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Hata sasa baba ana kitambi na mvi, Kavindu akipiga simu kutoka Nuu huuliza, "Mume wangu amekula? Mbona siku hizi hanisalimii, amepata mwingine?" Mimi huniita binti yangu. Hakuolewa tena na hakuzaa. Krismasi alikuja kwetu, mazishi yetu alikuja, arusi zetu alikaa mbele na mama wakwe. Sisi ndio watu wake, na tulikuwa watu wake kwa sababu ya hilo jina tu.

Sasa kosa langu. Nilipohamia Wote nilianzisha ukurasa mdogo mtandaoni wa sinema za vita, zipi za kweli na zipi za uongo, kwa alama za babu. Gakenia akausoma. Alikuwa anatengeneza sinema juu ya vita vile vya kaskazini na alitaka kuipigia Nuu kwa sababu ardhi inafanana, miiba kwa miiba. Akaniuliza kama babu ana kisa chochote. Nikampa cha Kitonga. Sikumuuliza mtu. Nilidhani nampa babu heshima, na nikikumbuka nilivyojivuna siku hiyo naona aibu mpaka leo.

Babu aliposikia ni Nuu alikataa katakata. Siku ya tatu akanipigia simu mwenyewe. "Tutaenda," akasema. "Nisipoenda watakosea."

Kavindu alitupokea kwake, akatutandikia, akatuchinjia kuku. Asubuhi ya pili nikamwona amefunga kitambaa kipya kichwani, anaenda kujiandikisha na wale akina mama wa punda.

"Susu, na jua hili?" nikamwambia.

"Wanasema leo ndiyo siku ya mume wangu kufa," akanijibu, kama mtu anayeniambia leo ni siku ya soko. "Nataka kuona. Mimi nililetewa barua tu."

Kwa hivyo aliyesimama chini ya turubai alikuwa yeye.

Alikung'uta vumbi kwenye sketi, akapita mbele ya kamera bila kuomba ruhusa, akasimama kati ya babu na yule kijana aliyelala. Aliongea Kikamba, polepole, bila kupandisha sauti.

"Ndolo. Nani alikuwa upande huo?"

Babu akashusha kidole.

"Basi nenda usimame mahali huyo mtu alikuwa amesimama."

Nilidhani atakataa. Alikuwa na miaka sabini na minane na goti moja bovu. Lakini alienda, hatua kama thelathini, mpaka kwenye kichaka cha miiba, akageuka, akainamisha mabega kidogo, na mikono yake ikapanda yenyewe ikashika bunduki ambayo haikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa. Au niseme hapo ndipo nilipodhani nimeelewa. Gakenia, ambaye hajui hata neno moja la Kikamba, alimgusa mpiga picha begani akamnong'oneza awashe kamera, maana yeye aliona mzee anayejua kuigiza.

Kavindu akaenda akasimama juu ya kijana wa damu ya bandia.

"Samahani, mama," kijana akasema kutoka pale chini. "Bado nimekufa?"

"Kaa hapo hapo," Kavindu akamwambia kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia babu tena kwa Kikamba. "Kutoka hapo hukumwona?"

"Hakukuwa kumepambazuka vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Alitoka kwenda haja bila kuniambia. Nikasikia kichaka kinatikisika. Nikaita neno la siri, mara mbili. Hakujibu."

"Kwa nini hakujibu?"

"Sijui. Nafikiri alitaka kunishtua. Alikuwa anapenda mzaha."

"Najua alikuwa anapenda mzaha," Kavindu akasema.

Woi! Angelia, ningejua la kufanya. Angempiga babu kofi, hilo pia ningelielewa. Alisimama tu, mikono imeshika kiuno, anapima kwa macho kutoka kichakani hadi kwenye kijana na kurudi, jinsi mtu anavyopima shamba kabla ya kulinunua.

"Wanasema nini?" Gakenia akaniuliza. "Nzilani, tafsiri!"

"Wanasema risasi ilitoka upande huu," nikajibu, na sikuwa nimedanganya.

"Sawa, tutafikiria. Muulize basi kuhusu maneno ya mwisho. Hapa nimeandika anaitaja nchi, anamtaja mama, halafu anaita jina la mke wake. Hiyo iko sawa?"

Nikauliza, Mungu anisamehe. Kuuliza ndiyo ilikuwa kazi yangu, na kichwa changu wakati huo hakikuwa na fikira nyingine ndani. Na babu, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha kosa la sinema lipite, akajibu akiwa bado kule kichakani, mikono bado iko juu.

"Risasi ilikuwa ya shingo. Mtu wa shingo haongei. Hakusema kitu. Toa yote."

Nikatoa. Nilipiga mstari juu ya nusu ukurasa, na nilipoinua macho Kavindu alikuwa anaondoka peke yake, ameshika njia ya kwake. Wale wanawake wenzake walimwita arudi achukue chakula cha mchana. Hakugeuka.

Kupiga picha kuliisha saa tisa. Mimi na babu tukabaki tumesimama barabarani hatujui pa kwenda, maana mabegi yetu yalikuwa kwa Kavindu. Gari la kurudi Mbooni lilikuwa la keshokutwa. Babu akatangulia, mimi nikafuata, na maswali yakawa yanagongana kichwani mwangu. Nimkasirikie? Alikuwa ametudanganya sote miaka hamsini na kitu. Nimhurumie? Baba yangu alipewa lile jina kwa upendo, au alitolewa kuwa fidia akiwa mtoto mchanga, na hajui? Na nani atamwambia? Nilitoa simu nimpigie baba, nikairudisha mfukoni, nikaitoa tena.

"Babu, kwa nini hukusema?"

"Nilipanga niseme siku ya mazishi," akasema. "Halafu hatukuletewa mwili, hakukuwa na mazishi. Halafu nikapata mtoto. Halafu Kavindu akaanza kumwita mume wangu."

Tulipofika tukaona mabegi yetu yako nje, mlangoni, yamefungwa vizuri. Langu, la babu, na ule mfuko wa maembe tuliomletea kutoka Mbooni. Babu alipoona ule mfuko alisimama kabisa. Mimi nilianza kulia, na hata sikujua namlilia nani kati yao wawili.

Kavindu alikuwa jikoni, kwenye kile kibanda chake cha matope, mlango wazi, anakoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Hakutuambia karibu na hakutuambia tuondoke. Babu akavua kofia. Nilimwona akitafuta pa kuiweka, akaishika tu mkononi.

"Kavindu," akasema.

"Hakusema kitu kabisa?" Kavindu akauliza. Hakuinua kichwa kutoka kwenye sufuria.

Babu akahamishia kofia mkono wa pili.

"Alisema," akajibu.

Mwiko ukasimama.

"Alisema nini?"

"Alikutaja."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Nilimtazama babu. Nimekaa kando ya huyo mtu Jumapili ngapi, namjua anavyokunja uso uongo unapopita mbele yake, najua hata sauti anayotoa puani kabla ya kusema neno lenyewe. Nilitazama nikangoja, na sikuona chochote. Labda alidanganya asubuhi, mbele ya kamera, kwa sababu jambo hilo hakutaka kumpa Gakenia. Labda alidanganya pale jikoni, na kama ni pale, ulikuwa uongo wa pili tu ninaomjua nao. Babu alizikwa mwaka jana na sikumuuliza. Nilikuwa na nafasi nyingi za kuuliza na kila mara niliogopa kwamba atanijibu.

Kavindu akaanza kukoroga tena. Alikoroga muda mrefu, muthokoi ambao ulikuwa umeshaiva kitambo.

"Mwambie yule msichana wa sinema arudishe yale maneno," hatimaye akaniambia. "Yale ya mama na ya nchi, shauri yake. Lakini hilo jina aliweke."

Nikamgeukia babu kwa mazoea, kama ninayesubiri alama.

"Aliweke," babu akasema.

"Na uingize hayo mabegi ndani, binti yangu," Kavindu akasema. "Mbuzi watatafuna kamba."

Nikaingiza mabegi kwanza, halafu nikampigia Gakenia.